Siku Tuliyolihamisha Bomba

Mama alinipa kazi moja tu. Nilikuwa nimepanda Newala kutoka Masasi kumjulia hali, na kwa kuwa magoti yake yalikuwa yamemgomea, alinituma nikamwakilishe kwenye mkutano wa mtaa.

"Watauliza kama bomba la maji lihamishiwe kule barabarani," alisema. "Wewe useme libaki. Basi. Usiwahutubie."

Bomba lilikuwa hatua chache kutoka mlangoni kwetu. Barabarani unakwenda kwa mteremko na kurudi kwa mlima, na kwa magoti yale mlima na ndoo kichwani haviendi pamoja.

Niliondoka bila wasiwasi. Chuo kikuu nilisoma jinsi kundi linavyomgeuza mtu, na nimeandika makala juu ya jambo hilo. Nimewacheka watu wengi humo.

Mwenyekiti alisoma pendekezo. Barabarani bomba litaonekana, alisema, na wageni wataona maendeleo. Kisha mzee mmoja wa mstari wa mbele akanyoosha mkono.

"Ahsante mzee wetu," mwenyekiti akasema. "Ameshakubali mmoja."

Mzee hakuushusha. Aliyekaa nyuma yake akanyoosha wake, maana kubaki umekunja mikono mbele ya mzee kungeonekana utovu wa adabu. Mstari wa pili ukafuata, kisha wa tatu. Nilikuwa wa nne. Najua niliwaza nini wakati huo: kwamba wenyeji wanaijua shida yao kuliko mimi wa kuja na kuondoka. Hoja nzuri sana. Nilikuwa bado naipamba nilipoona mkono wangu uko juu.

"Wanaopinga?"

Nikatazama huku na huku nikitafuta wa kuanza. Wenzangu nao walikuwa wakitazama huku na huku.

Tulipotoka, jirani yetu anayeuza mihogo akanishika shati. "Msomi, umetuangusha. Nilikuwa nakutazama wewe. Ungekataa, ningekataa."

"Mimi nilikuwa nakutazama wewe, dada."

"Mimi? Unamtazama muuza mihogo, shule uliyosoma yote ile?"

Nikamkimbilia mzee. "Shikamoo."

"Marahaba."

"Mzee, kumbe wewe ulitaka bomba lihame?"

"Nilitaka kuuliza kwa nini lihame," alisema. "Nikageuka, nikaona mikono yenu yote iko juu. Nikasema, hawa wamesoma, kuna jambo wanalijua."

Nikarudi kwa mwenyekiti. Alikuwa anafunga daftari. Mkutano umekubali kwa kauli moja, alisema, na mihtasari haifutwi kwa sababu mtu amepata mawazo njiani. Kisha akashusha sauti: "Hata mimi nyumbani kwangu ni huku huku. Nilidhani mtakataa."

Mama alikuwa barazani.

"Ulisema libaki?"

"Nilinyoosha mkono, mama."

"Wa kukataa?"

Nikaanza kuvua viatu.

"Mkono upi?"

Nikamwonyesha wa kulia. Akainama kwa shida, akaokota ndoo tupu, akanining'inizia mkononi.

Sasa bomba liko barabarani. Kila Jumamosi napanda kutoka Masasi kumjazia mama mapipa ya wiki. Kwenye foleni wote tunalalamika, na wote tunakubaliana kwamba uitishwe mkutano mwingine. Jirani wa mihogo anasema yuko tayari kabisa kusimama, mradi mimi nitangulie.