Sauti Chini ya Kiti cha Nyuma

Sauti ile niliisikia mara ya kwanza siku ya Jumatatu, nikiteremka kuelekea daraja la Nyali na abiria watatu wa Kisauni. Ilikuwa "ko", mara moja tu, nzito, kama mtu aliyepiga ubao wa kitanda kwa kisigino. Nikadhani ni jeki imelegea ndani ya buti. Tulipofika darajani, mbao zake zikaanza makelele yake, na juu ya zile mbao gari lolote lilisikika kama linavunjika, basi nikaacha kufikiri. Lakini wakati wa kurudi, nilipotoka darajani na kushika njia ya vumbi, ikaja tena. Ko. Kisha ko-ko, chini ya kiti cha nyuma, upande wa kushoto.

Gari lilikuwa letu sisi wawili, mimi na mume wa dada yangu. Vita vilikuwa vimekwisha karibuni, na Mzungu mmoja wa upande wa Likoni, jirani na Shelly Beach, alikuwa anafunga mizigo arudi kwao. Tulilinunua kwake likiwa limeshachakaa, rangi ya kahawia imebabuka kwenye milango, viti vimeshonwa na kushonwa tena. Shemeji alitaka twende na fundi wa Frere Town alikague. Nilikataa. Nilisema magari nayajua mimi, nimeendesha lori la muuza nafaka miaka minne. Hiyo ilikuwa nusu ya sababu. Nusu ya pili ni kwamba yule fundi alikuwa rafiki yake wa kucheza bao, na niliona wawili hao wangeweza kupatana na muuzaji jambo mimi nisilijue. Kwa hiyo nililala chini ya gari mwenyewe, nikaona springi zimepakwa grisi na rangi nyeusi mpya, nikainuka nikisema gari ni zima.

Tulilitumia kubebea abiria na maharusi. Jumamosi, Jumatatu na Jumatano zilikuwa zangu, Jumapili, Jumanne na Alhamisi zake, na Ijumaa gari lilipumzika. Tulikaa hivyo miezi mitano bila neno baya.

Jioni ya ile Jumatatu nilimwuliza, "Shemeji, gari halikugongei nyuma?"

"Halinigongei," akasema. "Wewe linakugongea?"

"Leo limenigongea."

"Basi huenda uliliingiza kwenye shimo," akasema, akaendelea kula embe lake.

Mtu akikuuliza habari ya chombo chenu nyote, mbona jibu la kwanza liwe ni kosa lake?

Nikaanza kuitafuta ile sauti. Nilitoa buti lote nje: jeki, pampu, spana, tairi la akiba, hata gunia tulilofutia matope. Nikaendesha gari likiwa tupu hadi Ziwa la Ng'ombe na kurudi. Kimya. Nikasema mchawi ni jeki. Zamu yangu iliyofuata nikapakia watu wanne bila jeki, na sauti ikarudi vilevile. Hapo nikajua inataka uzito. Gari likiwa jepesi inalala, likilemewa inaamka, na huja zaidi gurudumu la kushoto likitumbukia kuliko likipanda. Nilimwomba abiria mmoja, mpishi wa hoteli, akae kushoto peke yake, ikagonga. Akahamia kulia, ikanyamaza. Mpishi akanitazama kama mtu aliyepanda gari la mwendawazimu, akateremka kabla hajafika kwake.

Sasa ikiwa inataka uzito, nani alikuwa akilitia gari uzito? Swali hilo ndilo lililoniharibu.

Shemeji alikuwa anajenga. Si nyumba nzima, chumba kimoja tu nyuma ya nyumba yao, cha mama yake aliyekuwa anahamia kutoka Takaungu. Nilikuwa nikipita pale naona ukuta unapanda, wala sijawahi kuona mkokoteni ukileta kitu. Nikainua mkeka wa sakafuni nyuma. Chini yake palikuwa na vumbi jeupe, laini, linaloshika vidole. Nililionja kwa ncha ya ulimi. Chokaa.

Sikumwambia mtu. Nikaanza kupima. Kila gari lilipokuja kwangu baada ya siku yake, nilisimamisha vidole vyangu baina ya tairi la nyuma na bati lililolifunika. Upande wa kulia viliingia vidole vitano. Upande wa kushoto vinne, na baada ya siku mbili tatu vikawa vinne kwa shida. Nilitia alama ya mkaa juu ya bati, mahali ambapo mtu asiyejua asingepaona. Nilifunga uzi mwembamba kwenye kifuniko cha buti, na asubuhi ya zamu yangu nikaukuta umekatika. Ilinipa furaha ya ajabu kuuona ule uzi umekatika. Leo nikikumbuka ile furaha naona aibu kuliko yote niliyofanya baadaye.

Alhamisi moja niliazima baiskeli ya jirani nikamfuata. Alipeleka abiria darajani, akarudi, akapeleka wengine. Baada ya alasiri akakata njia ya Ziwa la Ng'ombe hadi kwenye tanuu la chokaa. Nilisimama nyuma ya minazi nikamwona akifungua buti na kupakia magunia mawili, akisaidiana na mchoma chokaa. Gari likainama nyuma. Halikuinama sana, lakini mimi niliona limeinama sana.

Sikumngoja. Nilikwenda moja kwa moja kwao, nikamkuta dada yangu uani anachambua mchele. Aliniamkia shikamoo, na mimi badala ya marahaba nikamwambia mumeo ananivunjia gari.

Alipofika, alikuta mimi nimesimama na dada yangu ameuweka ungo chini. Hakukana.

"Nimebeba chokaa, naam," akasema. "Mara nne na hii. Magunia mawili kila safari. Nilikuona huna raha na mimi siku hizi, nikasema nikimaliza ukuta nitakwambia."

"Na gari linalogonga?"

"Magunia mawili hayafiki uzito wa watu wawili. Wewe jana ulipakia watu watano wa harusi."

"Nani kakwambia nilipakia watano?"

"Niliuliza," akasema.

Nikamtazama, naye akanitazama. Kumbe na yeye alikuwa akiniulizia njiani. Dada yangu akasema polepole, "Ndugu yangu, na wewe baba watoto, yule fundi wa Frere Town yuko wapi? Si mpelekeeni alitazame."

Jumamosi, siku yangu, tulikwenda Frere Town pamoja. Fundi alikuwa Mrabai, mtu wa makamo, Mkristo mtulivu aliyepelekwa na jeshi hadi Burma kutengeneza malori, akarudi na kikohozi. Nilikuwa nimejiandaa kumchunga. Nilisimama karibu na kichwa chake ili nione kila anachokifungua, na kila aliponong'ona na shemeji nilisogea.

Kwanza alituambia tukae wote wawili kwenye bampa la nyuma, turuke na kutua pamoja. Tukaruka, watu wazima wawili wasiosemeshana, huku yeye kachutama na kiganja chake kwenye springi ya kushoto. "Tena," akasema. "Tena." Kisha akaingia chini, akachukua brashi ya waya akaanza kukwangua ile grisi na ile rangi nyeusi.

Springi za gari lile zilikuwa vyuma vya bapa vilivyopangwa kimoja juu ya kingine na kufungwa pamoja. Fundi alikwangua hadi akafikia waya wa chuma uliozungushwa mara nyingi, umebanwa kwa koleo. Akaukata, na chuma cha juu kikaachana vipande viwili.

"Njoo utazame," akaniambia mimi, si shemeji. Labda alikwisha kuona ni nani mwenye hamu ya kutazama.

Nikalala kando yake. Akanionyesha mvunjiko kwa msumari. Ndani ulikuwa mwekundu wa kutu, kutu ya zamani iliyokula chuma, ila ukingoni palikuwa na ukanda mwembamba uliong'aa kama sarafu.

"Hapa panapong'aa ndipo vipande vinapopigana," akasema. "Ndiyo sauti yenu. Lakini kutu hii si ya mwezi huu wala ule. Chuma hiki kilivunjika kabla hamjalinunua gari. Mtu akafunga waya, akapaka rangi. Waya ulipolegea, kikaanza kusema."

"Si chokaa?" nikauliza.

"Chokaa gani?"

Shemeji alikuwa ameinama upande wa nje kusaidia kuinua gurudumu, na pale pale ndipo alipoiona alama yangu ya mkaa. Aliigusa kwa kidole gumba. Akazungukia buti, akaukuta uzi mpya niliokuwa nimeufunga jana yake. Akaukata taratibu, akautia mfukoni.

Fundi alitafuta springi ya lori la jeshi lililokuwa limelala nyuma ya banda, akakata chuma, akakipinda kwa moto hadi kikalingana. Ilichukua siku nzima. Tulimaliza jua likiwa limeshaanza kupoa, tukapita njia yenye mashimo kuliko zote, watu watatu nyuma na fundi mmoja wao. Gari halikutoa sauti. Nilikuwa nikisikiliza kwa nguvu zangu zote, na nitakiri kwamba kulikuwa na kitu ndani yangu kilichotamani ligonge.

Nilimwomba radhi kesho yake, mbele ya dada yangu. Alisema, "Yamekwisha, shemeji." Akaendelea na siku zake tatu hadi chumba cha mama yake kikaezekwa. Kisha akapata kazi Changamwe, kwenye matangi ya mafuta, akaniachia gari niliendeshe peke yangu, na nilipompelekea fungu lake alilipokea bila kulitazama.

Kabla ya siku ile kwa fundi alikuwa hanisalimu bila utani. Aliniita mchoyo wa dada, mimi nikimwita mwizi wa dada, na watoto wakicheka. Baada ya siku ile alinisalimu vizuri. Sabalkheri, shemeji, u hali gani, watu wa nyumbani hawajambo? Kila mara kamili, kila mara kwa heshima, amesimama wima kama anaongea na kadhi. Dada yangu mwenyewe alijaribu mara mbili kututania, sote tukatabasamu. Miaka ikapita, tukazika mama yake pamoja, tukaoza watoto wetu pamoja, na salamu ikabaki ile ile, haikupungua neno.