Supa Yetu Yavuka Tunduma

Sababu rasmi ya safari yangu ilikuwa semina. Sababu ya kweli ni kwamba nina miaka arobaini na kitu, nilikuwa nimekaa kwetu Lipangalala, pembeni mwa Ifakara, misimu miwili mfululizo, na kila nikisikia honi ya treni miguu inaniwasha. Basi alipokuja Ifakara mwezeshaji wa kuwafundisha wajasiriamali namna ya kuwekeza na kufanya biashara Zambia, nilijiandikisha mapema, nikiwa mjasiriamali wa kusikiliza.

Alifundisha vizuri. Tulijifunza kumpa mteja wa nje mkono imara na kumkazia macho bila kupepesa, jambo ambalo kwetu huanzisha ugomvi. Tulioneshwa ukutani picha za maghorofa ya Lusaka, tukaambiwa hilo ndilo soko. Shemeji yangu Kresensia, mke wa kaka yangu, alinyoosha mkono.

"Samahani mwalimu, hao watu wanapenda wali wa namna gani?"

"Swali zuri sana," alijibu mwezeshaji, akaenda kwenye picha inayofuata.

Kresensia hakuwa na muda wa kuzurura kama mimi. Yeye na akina mama wenzake wana kikundi cha kuuza mchele pale mashineni, na kila mavuno huja mwenye lori akawapangia bei bila hata kushuka kwenye lori. Sasa walikuwa wamemkabidhi magunia matano ya supa, mchele wetu mrefu unaonukia hadi nyumba ya tatu, akatafute ng'ambo mteja mmoja wa kuagiza tena na tena. Akimkosa, kikundi kinavunjika na kila mmoja anarudi kwa mwenye lori kivyake. Mimi nilichukuliwa kama mtaalamu wa Zambia, kwa kuwa ujanani niliwahi kubeba mizigo Nakonde, mpakani upande wa Zambia.

Treni iliposimama Mlimba tulinunua ndizi za njiani. Baada ya hapo reli inauacha mpunga chini na kuanza kupanda milima, na mahandaki yanaanza. Zamani treni ikiingia handakini vijana wote tulikuwa tunapiga kelele kwa furaha. Safari hii nilipiga kelele peke yangu, behewa zima likanyamaza.

"Shemeji, nyamaza," Kresensia aliniambia gizani. "Watu watadhani nakupeleka kwa mganga."

Makambako baridi ilitupokea kama ilivyonipokea ujanani, bila salamu. Tunduma tulishusha magunia, tukayapakia kwenye mkokoteni, na baada ya karatasi na mihuri tukavuka. Kwa miguu, Zambia iko upande wa pili wa barabara. Maghorofa sikuyaona.

Nakonde tulifikia kwa Bana Mwansa, yaani Mama Mwansa, mjane wa rafiki yangu wa enzi zile, mwenye duka karibu na soko na Kiswahili kilichonyooka kuliko changu. Kresensia alimwomba awaalike wafanyabiashara wenzake waje kuuonja mchele.

Asubuhi nzima alipika. Wali ulitoka mweupe, punje moja moja, na pembeni kambale wa Kilombero aliyeungwa. Harufu iliwaleta hata wasioalikwa. Wageni wakala, wakasifu, wakanawa. Kisha wakaendelea kukaa.

Tukawatazama, wakatutazama. Kwa maelekezo ya semina, niliwakazia macho.

"Shemeji, mbona hawaagi?" Kresensia alininong'oneza.

"Labda wanashiba taratibu."

Bana Mwansa akasogea. "Mama, nshima umeiweka wapi? Wazee wanasubiri."

"Ugali? Wa nini? Si wameshakula!"

"Wameonja, mama. Sasa wanataka kula."

Kresensia aliweka mwiko chini. "Kwetu Ifakara mtu akila wali na kambale halafu akaulizia ugali, anapelekwa hospitali."

Wote wakanigeukia mimi mtaalamu. Nilikumbuka nyimbo za Nakonde za enzi hizo, na binti mmoja aliyekuwa akiuza mandazi. Kwamba watu hawa bila nshima hawajala, hilo lilinipita, ingawa niliila pamoja nao kila siku.

Wageni waliondoka bila kuagiza, na kesho yake asubuhi Bana Mwansa alitupikia yeye. Alichukua supa ile ile, akaichemsha mpaka ikawa rojorojo, akamwagia karanga za kutwanga na sukari. Kresensia alilitazama bakuli kama mtu aliyeitwa kutambua maiti ya ndugu. Akaonja. Akaonja tena.

"Hivi ndivyo watoto wetu wanavyoupenda," alisema Bana Mwansa. "Lakini huu wako mrefu unachelewa kulainika. Huna uliovunjika?"

"Chenga? Chenga tunawapa kuku."

"Basi kuku wenu wanakula vizuri."

Kresensia alichota kijiko kingine. Nilijua anawaona wenzake kule mashineni, wanaosubiri kusikia jinsi Zambia ilivyoinamia supa yao. Mwishowe akauliza, "Ukiletewa chenga, utaagiza tena?"

"Kila mwezi, zikiwa safi. Mawe sitaki."

Magunia ya supa tuliyauza yote kwa Watanzania wanaoishi Nakonde. Yaani tulivuka mpaka kuwauzia watu wa nyumbani.

Njia ya kurudi Kresensia alihesabu magunia ya chenga kwa vidole mpaka tulipoliona bonde letu. Mimi nilikuwa na muda wa kutosha kupima utaalamu wangu. Nilijifunza kwamba nchi unaweza kuikumbuka miaka ishirini na bado usiijue inakula nini asubuhi.

Lipangalala akina mama walitupokea mashineni.

"Wameusifu mchele wetu?" aliuliza Mama Sekunda, mkubwa wao.

"Shikamoo mama. Wameusifu. Wanachotaka ni chenga."

"Marahaba. Wanataka nini?"

"Chenga. Wanachemsha, wanatia sukari na karanga."

"Sukari! Tumekutuma na supa ya bibi harusi, unaturudishia oda ya mabanda ya kuku?"

Vicheko vikapanda. Kresensia akangoja vishuke. "Mama, mwenye lori aliwahi lini kutuuliza tuna nini? Huyu mama mwenye duka wa Nakonde ameuliza. Na ameniambia anachotaka."

Mama Sekunda alienda kwenye kona yalipotupwa magunia ya chenga, akafungua moja, akachota kwenye ungo. Akakaa chini, akaanza kuchambua mawe, akilalamika kuhusu mgongo wake, kuhusu sukari, na kuhusu wageni wasiojua wali ni nini. Wenzake wakatafuta nyungo zao.