Chaji ya Kwanza ya Maganda ya Shangazi

Shangazi yangu anakamua mawese kijijini Kidahwe, na hajawahi kumpunja mtu. Naanza na hilo kwa sababu mimi ndiye niliyemwita mpunjaji.

Nilikuwa chuoni, mbali na nyumbani, nikifanya utafiti wa betri. Betri ya simu ina grafaiti ndani yake, ile nyeusi iliyomo kwenye penseli, na kazi yake ni kuhifadhi lithiamu wakati wa kuchaji. Nikajiuliza kama mkaa wa maganda ya mise, zile kokwa za chikichi, ungeiweza kazi hiyo. Nikampigia Shangazi. Hakuuliza maswali mengi. Maganda hayo ndiyo anayochochelea moto akichemsha mawese, lakini alinitumia gunia zima, ameyaosha na kuyaanika mkekani. Yeye akaenda kuokota kuni.

Nikayachoma, nikayasaga, nikatengeneza betri ndogo za ukubwa wa kifungo cha koti. Chaji ya kwanza iliingia vizuri, nikafurahi. Kutoka, ikatoka nusu. Nikajaribu nyingine, na nyingine, zote hivyo hivyo, nikazitupia kwenye droo. Msimamizi wangu alitaka matokeo wiki ile ile, nami nilikuwa na hasira za mtu asiyejua. Nikapiga simu.

"Shangazi, umechanganya na mchanga?"

"Mchanga wa nini, mwanangu?"

"Sijui. Kama wale wanaouza dagaa na mchanga wake, ili debe lijae."

Kwetu hilo ni tusi. Mwanamke wa sokoni atasamehe mengi kabla ya kusamehe hilo. Akasema "Haya," akakata simu. Mimi nikajiona nimesema ukweli mchungu.

Wiki iliyofuata nikajaribu grafaiti safi ya kununua, iliyokuja kwenye chupa yenye lakiri. Nayo ikameza sehemu ya chaji. Ilimeza kidogo kuliko maganda, lakini ilimeza. Ndipo nikasoma nilichopaswa kusoma mwanzoni: katika chaji ya kwanza, sehemu ya lithiamu hutumika kufanya utando mwembamba juu ya mkaa, na hairudi tena. Utando huo ndio unaoilinda betri siku zote zinazofuata. Mkaa wa maganda una vitundu vingi, kwa hiyo hula zaidi. Nikazitoa betri zangu drooni, nikazichaji mara ya pili, ya tatu. Kilichoingia, karibu chote kikatoka.

Sikumpigia simu. Niliona aibu, nikajidanganya kwamba jambo kama hili husemwa uso kwa uso. Miezi minne ikapita hivyo, na kila mwezi ukanizidishia uoga.

Nilipofika Kidahwe nilimkuta ameinama mekoni, anachochea kuni. Ukutani yaliegemea magunia mawili ya maganda, yameoshwa hadi yanang'aa.

"Shikamoo, Shangazi."

"Marahaba, mwanangu. Hayo ni yako. Nimeyaosha mara tatu, nikayachagua moja moja. Safari hii hutakuta mchanga."

Nikakaa chini, nikamweleza yote, nikamwomba radhi. Alisikiliza huku anakoroga. Nilipomaliza akanyoosha mwiko kuelekea chungu kipya kilichokuwa pembeni.

"Hicho nikikitia mawese mara ya kwanza, kinakunywa. Kila mwanamke hapa anajua. Kikishashiba, hakinywi tena. Umewahi kunisikia nikimtukana mfinyanzi?"

"Ungeniambia siku ile, Shangazi."

"Siku ile hukuniuliza. Ulikuwa umeshajijibu."

Hakusema kwa ukali, na hilo ndilo lililoniuma. Niliangalia vidole vyake, vimechubuka kwa kuchagua maganda yasiyokuwa na kosa lolote. Moto ulikuwa unafifia. Nikachota maganda kwenye gunia kwa mikono miwili ili nimchochelee, nimrudishie japo kidogo kilichokuwa chake.

Akanishika mkono.

"Acha," akasema. "Hayo nimekuoshea wewe."