Chumba cha Nyuma

Kiwandani walimwita Pimamaji, kwa kuwa kifaa hicho cha kupimia unyoofu hakikumtoka mkononi, na dirisha likienda upande unywele tu alilitaka ling'olewe. Alifunga madirisha ya vyumba vilivyoundwa humo kiwandani, vikapakiwa kwenye lori vikiwa vizima, kreni ikavipanga vikawa nyumba. Vyote sare. Ndiyo maana vilikuwa rahisi, na ndiyo maana naye, mtoto wa nyumba za kupanga, akapata yake. Chumba cha nyuma akampa mama yake, ambaye hakuwahi kuwa na chumba cha peke yake. Bibi akaringa nacho, wewe! Akitaka maji hakuita. Aligonga ukuta kwa pete, binti akaja mbio.

Bibi akafia humo.

Kuta zile hugonga zenyewe jioni zinapopoa. Fundi aliyajua hayo, lakini kila zikigonga aliinuka. Mwishowe akaomba wabadilishiwe nyumba, wakapewa nyingine upande wa pili wa mji. Mumewe, dereva wa malori ya kiwanda hichohicho, akapakia vyombo.

Masikini, aliruka majivu akakanyaga moto. Mwenye kuviunda akasahau kwamba vyote ni kimoja. Dirisha lilelile, mwanga uleule sakafuni. Jioni ya kwanza ukuta ukagonga, na miguu ikampeleka bila kuuliza. Akajikuta chumba cha nyuma, kikombe mkononi, mbele ya marobota ya nguo.

Akamwendea msimamizi wa kiwanda, akamwomba chumba kimoja tu chenye dirisha upande mwingine, akibadilishe na chake.

"Dada, tukianza kusogeza, bei inapanda, na kuna mtu atakosa nyumba," msimamizi akamjibu, kwa upole.

Maneno hayo yeye mwenyewe alikuwa akiwaambia wengine. Mkuki kwa nguruwe.

Jioni hiyo mumewe alimkuta ameketi sakafuni, chumba cha nyuma, akilia. Akaketi kando yake.

"Turudi kule," mume akasema. "Hapa mama hapajui."

"Kule wameshaingia watu."

Mume alikuwa amempenda bibi yule, ingawa hakuwahi kulisema. Giza lilipoanza kuingia ukuta ukagonga, taratibu, mara mbili. Pimamaji akajizuia, akakaza magoti asiinuke.

Aliyeinuka kuleta maji alikuwa mume.