Siku Babu Alipoinamisha Kichwa

Harufu ya masizi yaliyochanganywa na mafuta ya kupaka bado hunirudisha kwenye bwalo la shule yetu ya bweni, nje kidogo ya Tunduma, mpakani na Zambia. Masizi tuliyakwangua kwenye masufuria ya jikoni huku wapishi wakitufukuza, kisha tukachorana ndevu na makunyanzi. Nilikuwa kidato cha sita. Mwalimu wetu wa fasihi, mtu wa Tanga aliyevaa koti zito hata saa saba mchana, aliapa kwamba hakuna atakayeielewa tamthiliya kwa kuikariri. Tungetunga mchezo wetu wenyewe na kuucheza mbele ya wazazi kabla ya mtihani wa taifa. Wenzangu walishangilia. Mimi nilihesabu nani wa kwetu angekuja, nikakosa.

Nilikuwa mpweke mwaka ule, na sioni aibu kulisema. Wengi darasani walikuwa watoto wa Tunduma. Walijua kwacha imepanda au imeshuka, na utani wao waliuchomeka Kibemba, nikawa nauelewa wakishamaliza kucheka. Mimi nilitoka milimani Ileje, lafudhi ya Kindali imenikaa mdomoni, na kila niliposimama kujibu swali hakukosekana wa kuniigiza pembeni. Siku za kutembelewa nilikaa kwenye ngazi za darasa na daftari mapajani, najifanya nasoma. Baba alishafariki. Mama alibaki na shamba la kahawa, mdogo wangu Atupele, na boma la babu mzaa baba.

Mchezo wetu ulimhusu mama mmoja anayemsubiri binti yake aliyevuka mpaka. Nafasi ya huyo mama ilinidondokea mimi kwa sababu wasichana wengine hawakutaka kuonekana wazee. Wallahi sijapata kupewa zawadi kubwa kuliko ile. Nilimchukua mama yangu mzima mzima: anavyokaza khanga kiunoni kabla ya kuinua ndoo, anavyokohoa kidogo kabla ya neno zito, anavyovuta jina la mtoto mpaka linakuwa kama kilio. Jioni wenzangu wakienda uwanjani, nilibaki darasani nikimwigiza peke yangu. Kwa ile nusu saa, mama alikuwa amekuja kunitembelea. Nikatamani jambo moja tu, aje anione kweli.

Hapo ndipo nilipofanya ujinga wangu. Simu ya nyumbani ilikuwa moja, kitochi cha babu. Nilimwomba matroni simu, nikapiga, babu akapokea. Kwa furaha nikamwambia tunacheza mchezo, mje mnione. Babu, ambaye kwa kawaida maneno yake yanahesabika, akasema angekuja mwenyewe. Nilikata simu nikiruka. Nilishafika mlango wa bweni ndipo nikakumbuka. Kwetu mke haonani uso kwa uso na baba mkwe wake. Mama akimwona babu njiani, huingia kwenye migomba mpaka apite. Hamtaji jina, hakai naye mahali pamoja, na chakula chake nilikibeba mimi tangu nikiwa mdogo. Babu akija bwaloni, mama haji. Miaka miwili ya bweni ilinitosha kusahau kitu ambacho mtoto wa miaka mitano kwetu anakijua. Sikuweza kupiga tena kumwambia mzee asije. Ningeanzia wapi?

Siku ikafika, matope hadi vifundoni. Babu aliwekwa mstari wa mbele, kofia magotini. Nilitoka na makunyanzi yangu ya masizi, nikakaza khanga, nikakohoa, nikamwita binti aliyepotea. Babu akashtuka. Kisha akageuza mabega na kuinamisha kichwa, akatazama sakafu. Nikadhani ataniangalia tena. Wapi! Kila nilipofungua kinywa aliinama zaidi, na watoto wa Tunduma wakaona wakaanza kucheka. Nilicheza mpaka mwisho huku moyo umevunjika, nikijua nimemtia mzee wangu aibu mbele ya watu. Baadaye alinipa chane ya ndizi, akaniuliza kama nimekula, akaondoka kuwahi gari la kurudi kwetu, la Itumba. Nikarudi darasani nikajifungia, nikafuta masizi kwa khanga, nikalia.

Nilipomaliza mtihani nikarudi nyumbani, sikutaka kuugusa mchezo ule. Ni mama aliyeanza, tukichambua maharage jikoni. Alisema babu aliporudi siku ile hakuingia ndani. Alisimama barazani kwake, akamwita Atupele, akaanza kumsimulia mchezo wote kwa sauti ya juu, kana kwamba Atupele alikuwa kiziwi. Aliigiza binti, akaigiza afisa wa mpakani, akaigiza madereva wa malori. Mama akaacha mwiko akakaa nyuma ya mlango wa jiko akisikiliza, kwa sababu alijua anayesimuliwa si Atupele. Mdogo wangu alipouliza dada alikuwa nani, babu akajibu.

"Dada yako sikumwona. Aliingia mama yako, nikainama. Ningefanyaje?"

Mama alinieleza hayo bila kuinua macho kwenye ungo. Kisha akakohoa kidogo, kama ninavyomjua, akasema miaka yote ile hakujua kama mzee anaijua sauti yake.

Sasa ninafundisha fasihi sekondari, huku Mkwajuni. Wanafunzi wangu hawakwangui masizi, wana wanja na poda za dukani, na mchezo ukianza simu zinanyanyuliwa juu kuliko vichwa. Babu tulishamzika. Naishi peke yangu kwenye nyumba ya mwalimu, na mchezo ukipendeza naurekodi nikamtumia mama, maana siku hizi ana simu yake na hana wa kumkwepa. Mwezi uliopita nilimtumia ule ambao nilicheza na wanafunzi wangu, mimi nikiwa mama kama zamani, na makofi yalikuwa ya kutikisa bati. Nilisubiri siku nzima anijibu. Jioni akapiga, akanisifia khanga, akanisifia sauti, kisha akakohoa kidogo.

"Ni nzuri, mwanangu," akasema. "Lakini hapo babu yako asingeinama."