Kiti ya Turbo

Siku ya kwanza Melchior alipoingia katika duka la vipuri vya magari la Pulchérie, pale Nyamityobora mjini Mbarara, alikuwa anatafuta kioo kimoja cha pembeni. Kilining'inia ukutani kati ya taa na usukani, kimetolewa kwenye gari lililopinduka, na Pulchérie alitaja elfu themanini. Melchior hakubisha. Alikaa juu ya tairi, akaomba maji ya kunywa, akauliza habari za watoto, akagundua kwamba wote wawili ni Warundi na kwamba mama huyu naye alipitia kambi ya wakimbizi ya Nakivale kabla ya kuhamia mjini. Ndipo akataja elfu ishirini na tano. Saa sita mchana aliondoka na kioo kwa elfu thelathini na nane, na mpira wa waipa juu yake, bure.

"Wewe ukishasikia bei, husikii kitu kingine," Pulchérie alimwambia mlangoni.

Melchior aliona amesifiwa.

Na kwa nini asione hivyo? Alifika Juru, huko huko Nakivale, na jembe moja. Maharage ya misimu miwili yakawa baiskeli, baiskeli ikawa pikipiki, na pikipiki, kwa kuongezea mbuzi wanne na maneno mengi, ikawa Carina nyeupe ya mwalimu mmoja wa Kaberebere. Kila Jumatatu na Alhamisi gari hilo lilitoka Juru asubuhi kwenda Mbarara, abiria saba ndani na magunia nyuma. Kiti cha mbele kilikuwa cha Annonciata, mnunuzi wa maharage, mama mnene mwenye sauti ya chini. Magunia yake peke yake yalilipa petroli ya kwenda na kurudi. Melchior alimbebea mizigo tangu enzi za baiskeli. Springi ya kile kiti ilikuwa imetoboa kitambaa. Annonciata alikunja kitenge mara nne akakikalia, na kila walipofika sokoni alishuka ameshika kiuno. Melchior aliyaona hayo kila safari, kama mtu anavyouona mlango wa nyumba yake.

Kisha Elisée, Mkongo wa Kivu Kusini aliyekaa vijiji viwili kutoka kwake, akanunua Carina ya bluu.

Mwanzoni Melchior alimsalimia vizuri. Kisha Jumatatu moja, kwenye mlima wa baada ya Kaberebere, gari la bluu likampita. Lilipita likipiga filimbi nyembamba, fiiii, na kwenye kiti cha mbele, ameegemea nyuma, alikuwa amekaa Annonciata.

Wivu wa Melchior haukuwa wa kelele. Asubuhi alipita mbele ya nyumba ya Elisée bila sababu, akaangalia tairi zake kama ni mpya. Aliona mabati mapya jikoni kwa mwenzake akapoteza hamu ya chai. Kanisani Jumapili, Elisée alipopeana naye mkono wa amani, Melchior alimpa vidole viwili.

Hatimaye alimvizia Annonciata kwenye mizani ya maharage.

"Mama, nimekukosea nini?"

"Hujanikosea kitu."

"Sasa kwa nini umenihama?"

Annonciata aliendelea kufunga gunia. "Mwenzako ameweka kiti, Melchior. Ni hicho tu."

Melchior alisikia alichokuwa tayari kukisikia. Mwezi ule mzima madereva hawakuwa na hadithi nyingine: fundi Gatete wa Mbarara alikuwa amefunga turbo kwenye gari la mtu, na turbo pamoja na mabomba na vifaa vyake vyote waliita kiti, kiti ya turbo, kutokana na neno la Kizungu "kit" lililoandikwa kwenye boksi. Kumbe ndiyo ile filimbi. Kumbe ndiyo maana mlima unalainika kwa wengine. Hakuuliza zaidi. Alhamisi aliwashusha abiria, akaenda Nyamityobora.

"Mama, nataka kiti."

Pulchérie alinyoosha mkono kwenye kona, vilikorundikwa viti vya magari yaliyogongwa. "Chagua."

"Siyo ya kukalia. Kiti ya turbo."

"Carina ile ile? Ya kila siku?" Alimtazama vizuri. "Nani kakuuma? Maana Elisée alikuja hapa juzi—"

"Huyo usinitajie. Nikisikia jina lake tena, narudi kwetu bila kununua."

Pulchérie alifunga mdomo. Mteja akikataa habari, habari inabaki dukani, haiozi.

Alimwita Gatete, ambaye gereji yake ilikuwa nyuma ya duka, na wakamwekea Melchior mambo matatu mezani. La kwanza, boksi jipya la kuagiza Kampala, lenye kila kitu hadi nati, bei yake ikikaribia bei ya gari lenyewe. La pili, turbo kubwa iliyotumika, iliyong'arishwa kama sufuria ya harusi, bei nafuu. La tatu, turbo ndogo, nyeusi, iliyotoka kwenye kigari kidogo, na mabomba ambayo Gatete angeyachomelea mwenyewe.

Jicho la Melchior lilikwenda moja kwa moja kwenye ile kubwa. Alishamwona Elisée kwenye kioo cha nyuma, anarudi nyuma, anakuwa mdogo.

"Hiyo acha, ssebo," Gatete alisema. "Turbo inazungushwa na moshi wa injini, halafu inasukuma hewa ndani. Kubwa inachelewa kuamka. Itaamka ukiwa umemaliza mlima. Hii ndogo inaamka mapema, na tukiisukuma kidogo tu, injini yako haitapasuka."

Melchior aliiacha ile kubwa. Hapo ndipo ujanja wake wa biashara ulipomrudia. Alichukua turbo ndogo, akashika mhimili wake kwa vidole viwili akautikisa, kushoto, kulia. Haukucheza. Akanusa tundu la oili. Haikunusa kuungua. Pulchérie alisema milioni moja na laki nne. Melchior akakaa juu ya tairi, akaomba maji.

"Leo maji yameisha," Pulchérie alisema.

Hata hivyo, jua lilipoanza kuinama walikuwa kwenye laki nane na nusu, mpira wa oili ndani ya bei, na kazi ya Gatete ilipwe nusu sasa, nusu baada ya mwezi. Katika madereva wote wa Juru hakuna ambaye angeipata kwa chini ya milioni. Melchior alijua hilo, na njia nzima alilirudia kichwani.

Jumatatu iliyofuata, turbo ikiwa imeshafungwa, kwenye mlima wa Kaberebere, Carina nyeupe ilivuta pumzi, ikaipita ile ya bluu kama imesimama. Abiria mmoja alianza rozari. Melchior alifika sokoni wa kwanza, akasimama mikono kiunoni, akingoja.

Elisée alipofika, Annonciata alishuka taratibu. Hakushika kiuno.

"Umeona, mama?" Melchior alisema. "Na mimi nimeweka kiti."

Annonciata alifungua mlango wa gari la Melchior, akabonyeza kiti cha mbele kwa kiganja. Springi ilimjibu. "Wapi? Si kile kile cha kunichoma?" Akamwonyesha gari la bluu: kiti kinene, cheusi, chenye mgongo wa kulala. "Nilikuambia kiti, mwanangu. Nusu ya bei yake nimetoa mimi. Sasa nikihama, nakiachaje?"

Elisée alikuwa anacheka. "Turbo gani, grand? Mimi sina turbo. Ni mupira ya mulango imepasuka, upepo unapiga filimbi. Na mulima napanda sababu nabeba batu bane tu. Wewe unabeba saba."

Melchior alikwenda dukani moja kwa moja.

"Nilitaka kukuambia," Pulchérie alisema, bila kuinua macho. "Ukanikataza jina."

Alinunua kiti, ndugu wa kile cha Elisée, na siku hiyo hakupata hata shilingi ya kupunguziwa. Annonciata hakurudi. Amebaki kwa Elisée na kiuno chake kimepona. Melchior amepata watu wa haraka, wanaowahi benki na hospitali, wanaolipa vizuri lakini hawana magunia. Petroli inakula sehemu kubwa. Gatete bado anadai nusu yake.

Wiki mbili baadaye Melchior alikuta Carina ya bluu imesimama nje ya duka la Pulchérie. Ndani, Elisée alikuwa anazungumza kwa sauti ndogo, sauti ya mtu aliyepitwa mlimani.

"Mama, nataka kiti."

"Cha kukalia," Pulchérie aliuliza, "ama cha kukimbilia?"

Melchior alijibanza nyuma ya rundo la tairi, akasogeza sikio. Alitaka tu kusikia bei. Isije ikawa chini ya laki nane na nusu.