Mnunuzi wa Misahafu ya Kale

Mnunuzi wa vitu vya kale huja Mambrui kila Jumatatu, kanzu imepigwa pasi, mizani ya dhahabu mfukoni. Sarafu huzipima mara tatu, akabishania bei mpaka sauti imkauke. Kwa msahafu hutawadha kwanza, kisha hupapasa jalada kwa mgongo wa kidole kama anayempima mtoto homa. Haulizi bei, huuliza hadiya, zawadi ya kumpa mwenyewe; msahafu hauuzwi, husema, na hulipa. Juzi jirani yangu Bi Ruqaiya alimtolea wa marehemu babake. Ukurasa wa mwisho umeandikwa majina ya nyumba nzima, kila mtu na tarehe zake mbili, ya kuzaliwa na ya kufa. Bi Ruqaiya ana moja tu. Mnunuzi alisoma, akafunga, akamrudishia kwa mikono miwili.

“Haujakamilika, Bibi. Nitarudi.”

“Karibu,” alisema Bi Ruqaiya. “Uje na kalamu.”